Rangi Haishikilii Boti
Wasee, tuambiane ukweli. Boti ya faibaglasi hutoka kwa moldi vipande vipande: sehemu ya chini kivyake, deki kivyake. Sasa kuna mafundi wanaunganisha na skrubu na fila, wanapiga rangi, wanasema kazi imeisha. Huo ni mtego! Resini ikishakauka, resini mpya haichanganyiki nayo. Inashika tu penye mikwaruzo. Kwa hivyo ni msasa mpaka mng'ao uishe, vumbi itoke, halafu matabaka ya faiba na resini, ndani na nje. Fila ni ya kujaza mashimo, haibebi mzigo. Mvuvi wa Kilifi akifunguka maungio huko nje, rangi itamwokoa? Usilipe kabla hujaona maungio bila rangi. Fundi akikataa, beba pesa yako uende.