Chipu chache za mwisho

Mwishoni mwa mashindano ya poka, chipu unayopoteza ina uzito zaidi kuliko unayoshinda, maana ukiishiwa unaondoka mezani. Mimi nilijifunzia hilo dukani kwangu Lilongwe mwaka 2023, ilipotoka amri kwamba wakimbizi tuliokuwa mjini turudi kambini Dzaleka kabla ya 15 Aprili. Nisubiri, pengine amri itatenguliwa, au niuze mafuta na unga kwa bei ya kutupa? Usiku mzima mimi na mke wangu tulipiga hesabu. Tukauza nusu kwa hasara, iliyobaki tukaipakia kwenye lori. Misako ya wakimbizi waliobaki mjini ilipoanza Mei, tayari tulikuwa na kibanda Dzaleka. Jirani yangu alisubiri. Simlaumu hata kidogo. Naye alikuwa amepiga hesabu zake.