Mche mmoja wa bangi hemani

Ndugu zangu wa Kismayu, Koyama na Chula tulioko kambini hapa Kenya, kijana akikuambia "ni mche mmoja tu, tena uko ndani ya hema," usimkubalie. Anaweza kuyainamisha matawi kwa kamba yasiguse turubai, lakini harufu haifungwi kamba. Sheria ya mwaka 1994 inakataza kupanda bangi, hata mche mmoja, na polisi wakija mama mwenye hema ndiye ataulizwa kwanza. Mimi naogopa zaidi akili yake. Ubongo huendelea kukua hadi miaka ishirini na kitu. Anayeanza kuvuta mapema, tena kila siku, hujiongezea hatari ya kuchanganyikiwa. Maji hayo ya mgao afadhali yamwagiliwe gunia la mchicha. Akianza kusikia sauti ambazo wengine hamzisikii, mlete kituo cha afya mapema.