Mtoto wa kulea naye ana haki ya kujua kwao



Mama mmoja wa hapa Mnyambe alimleta mwanawe wa miaka miwili akiwa na macho ya njano, viganja vimevimba, analia usiku kucha. Nikamuuliza: "Mama, kwenu kuna mwenye sikoseli?" Akainamisha kichwa. "Daktari, mimi nimelelewa tu. Kwetu sikujui."

Sikoseli haitokani na uchafu wala kurogwa. Mtoto huirithi kwa baba na mama. Wote wawili wakiwa wamebeba kasoro hiyo bila kuumwa, kila mimba ina uwezekano mmoja kati ya minne wa kuzaa mtoto mgonjwa. Anayejua kwao hupima damu kabla ya kuoa. Asiyejua hugundua mtoto akishaumwa.

Tunawaficha watoto wa kulea kwa nia njema, ili wasijisikie wageni. Lakini Uislamu haukukataza kulea, bali umekataza kubadili nasaba. Zayd bin Haritha alitekwa akiwa mdogo, akauzwa. Baba yake alimtafuta mpaka Makka. Zayd akachagua kubaki na Mtume (s.a.w.), akaitwa mwanawe. Hata hivyo, iliposhuka amri katika Suratul Ahzab aya ya 5, alirudishiwa jina la Haritha. Mapenzi ya mlezi hayakupungua.

Na iko hatari kubwa zaidi. Asiyejua nduguze wa damu au wa kunyonya anaweza kumuoa dada yake. Hilo ni haramu, na wakiwa ndugu wa damu, magonjwa ya kurithi huongezeka.

Wewe unayetafuta kwenu, anza na aliyekulea. Muulize kwa adabu, wala usimshutumu. Sisi Wamakonde tunahesabu ukoo kwa mama, kwa hiyo tafuta kwa wajomba na bibi. Wengi wetu tumelelewa bila karatasi. Wanaojua ni wazee, nao wanaondoka. Ikiwa uliasiliwa kwa amri ya mahakama, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka Msajili Mkuu, yaani RITA, atunze daftari la watoto walioasiliwa. Afisa ustawi wa jamii wa wilaya atakuelekeza.

Ukimpata mama yako, usimvamie mbele ya mumewe na watoto. Mtangulize mtu mzima mwenye busara. Pengine alikutoa kwa njaa, kwa ugonjwa au kwa aibu ya watu. Usimfichue.

Nawe mlezi, mwambie mwanao mapema, kidogo kidogo, kabla hajaambiwa kisimani kwa matusi. Andika majina ya wazazi wake, kijiji chao na magonjwa ya ukoo, uyaweke pamoja na kadi yake ya kliniki. Aliyemnyonyesha pia aandikwe.

Yule mtoto tulimpa rufaa ya hospitali. Mama yake naye amekubali kupima. Damu itamwambia alichorithi, lakini haitamwambia ni kwa nani. Hilo analijua aliyemlea, na bado amenyamaza.

Wabillahi tawfiq.