Remba gari, lakini geji kwanza

Sina ugomvi na urembo wa gari. Passo langu linalonipeleka minadani na mizigo ya vitenge limevaa siti kava za zambarau nilizozishona mwenyewe, na usiku taa ndogo za LED hung'aa chini ya dashibodi. Wateja wangu hapa Bariadi hulisifia, nami nafurahi.

Ninachopinga ni kuanza na mapambo. Kijana wa Somanda ananunua gari lililotumika Japani, na wiki hiyohiyo anafunga skrini kubwa, anatandika manyoya juu ya dashibodi, anaongeza spika. Mshale wa mafuta umelala. Taa ya injini inawaka tangu siku ya kwanza, naye ameibandika utepe mweusi. Ukimuuliza: "Mama, hiyo haina shida, si gari linatembea?"

Redio namwelewa. Redio za Japani zilitengenezwa kwa masafa ya kwao, kuanzia 76 hadi 90 hivi, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Bila kuibadilisha utasikiliza mikwaruzo mpaka Lamadi. Manyoya ndiyo sielewi. Airbagi ya abiria hutokea pale juu ya dashibodi, na wewe umeifunika zulia!

Tuje kwenye joto, maana hapo ndipo injini zinapofia. Kiangazi, ukitoka Maswa kurudi huku na mzigo, feni haipumziki na rejeta imeziba vumbi. Passo langu halina mshale wa joto. Lina taa ya bluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikishachemka; katikati hapo hakuna kinachokuambia kitu. Nyekundu ikiwaka umeshachelewa: silinda hedi ya aluminiamu hupinda upesi, na gharama yake inameza faida ya minada mingi.

Dawa nimeipata kwa bei pungufu ya siti kava za dukani. Ni kifaa cha OBD, kidogo kama kiberiti, kinachochomekwa kwenye soketi iliyo chini ya usukani na kupeleka habari kwenye simu kwa bluetooth. Simu nimeiegesha pembeni ya usukani, nasoma joto kwa namba. Kati ya 80 na 95 naendelea kuimba. Ikipita 100 na bado inapanda, nazima AC, natafuta kivuli, na mfuniko wa rejeta siugusi mpaka ipoe. Kifaa hichohicho husoma kosa lililowasha taa ya injini, kwa hiyo naenda kwa fundi nikijua la kumwambia. Magari mengi ya miaka ya 1990 hayasomeki hivyo, ila mengi yana mshale wake. Mshale nao uangaliwe kwa akili: maji yakiisha kabisa, sensa hubaki hewani, na mshale unaweza kushuka wakati injini inaungua.

Kwa wenye mikono, kubadilisha balbu za dashibodi kunahitaji bisibisi na subira tu. Chomoa kwanza waya hasi wa betri. LED ina upande wake; isipowaka, itoe uigeuze. Lakini taa ya chaji, ile yenye picha ya betri, iache na balbu yake. Katika magari mengi ya zamani umeme unaopita kwenye balbu hiyo ndio unaoamsha alteneta, na LED haipitishi wa kutosha. Utapata dashibodi ya kupendeza na betri isiyopata chaji, kisha umlaumu aliyekuuzia betri.

Na anayekwenda Mwanza kununua gari asianze kwa kupapasa viti. Fungua swichi bila kuwasha injini. Taa za injini, oili, chaji na airbagi zinatakiwa ziwake, na ukishawasha injini zizime baada ya muda mfupi. Ile ya injini isipojitokeza kabisa, huenda kuna mtu aliyetoa balbu au kukata waya ili usiulize. Uliza. Akianza kukuonyesha ngozi ya siti, rudisha ufunguo.