Glasgow wanamkumbuka Wanyama, sisi twamkumbuka nani?

Aprili 2025, baada ya Isha, tulikuwa barazani Kibokoni na kahawa yetu kama ada. Kijana mmoja akanionyesha simu yake. Victor Wanyama, aliyekuwa nahodha wa Harambee Stars, ametia saini Dunfermline, timu ya daraja la pili kule Uskoti. Aliyemwita ni Neil Lennon, kocha wake wa zamani Celtic. Kijana akaniuliza, "Ami, huyu si ana miaka thelathini na mitatu? Wamtakia nini?"

Nikamwambia hawa watu wana deni naye, na deni lenyewe lina tarehe.

Jumatano, 7 Novemba 2012. Asubuhi Wakenya tuliamka na habari kwamba Obama amechaguliwa tena Marekani. Usiku, saa tano kasorobo kwa saa zetu, Celtic ikaingia uwanjani Glasgow kucheza na Barcelona ya Messi, Xavi na Iniesta katika Klabu Bingwa Ulaya. Mpira karibu wote ulikuwa wa Barcelona. Dakika ya 21 Celtic ikapata kona, Charlie Mulgrew akaichonga, na kijana wa Muthurwa akajitokeza mlingoti wa mbali akaitia kichwa. Hakuna Mkenya aliyewahi kufunga bao katika mashindano hayo kabla yake. Tony Watt akaongeza la pili, Messi akarudisha moja dakika za majeruhi, ikaisha 2-1. Celtic ilikuwa imetimiza miaka 125 siku ile ya kuamkia mechi. Nikitazama mwenyewe nilipiga kelele mpaka jirani akabisha mlango.

Wanyama alikaa Celtic misimu miwili tu. Alinunuliwa kutoka Ubelgiji mwaka 2011 kwa pesa zisizofika pauni milioni moja, na 2013 akauzwa Southampton kwa zaidi ya milioni kumi na mbili. Mchezaji akiondoka kufuata pesa Uingereza, kwa kawaida mashabiki humwita msaliti. Yeye hawakumwita. Hadi leo ukimtaja mbele ya shabiki wa Celtic, uso wake unafunguka, na hadithi itaanza na ile kona.

Bao peke yake halitoshi kueleza mapenzi hayo. Mabao mazuri yamefungwa na watu wengi waliosahauliwa. Nadhani jambo kubwa ni kwamba Wanyama aliingia katika nyumba ambayo tayari ina desturi ya kukumbuka. Celtic ilianzishwa 1887 katika ukumbi wa kanisa, na mtawa aliyetaka kuwalisha maskini wa Kiairishi wa mashariki ya Glasgow. Mwaka 1967 ikawa timu ya kwanza ya Uingereza kutwaa Kombe la Ulaya, na wachezaji wale wangali wanatajwa kwa majina kama mababu wa ukoo. Wanyama alivaa jezi nambari 67, kwa ajili ya mwaka huo. Mgeni kutoka Nairobi alijifunza shajara ya wenyeji akaibeba mgongoni, na wenyeji wakamwandika katika shajara hiyo hiyo.

Sisi je? Alianza kuichezea Kenya 2007, akiwa na miaka 15, dhidi ya Nigeria. Mwaka 2019 akatuongoza Misri, fainali zetu za kwanza za Afrika tangu 2004. Tukawafunga Tanzania 3-2, kisha akaonyeshwa kadi nyekundu na Senegal, tukarudi nyumbani. Wengi tunaikumbuka zaidi ile kadi. Septemba 2021 alipoiaga timu ya taifa, tulizungumza siku mbili tatu tukanyamaza. Hata mtaa uliowahi kupewa jina lake haukuwa wetu, ulikuwa Ubungo, Dar es Salaam, mwaka 2017, na kibao kiling'olewa kabla hakijashika vumbi.

Hapo ndipo kijana aliponikamata. "Basi Ami, sisi Pwani twamkumbuka nani?"

Swali hilo limenikosesha raha. Feisal ya Mombasa ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka 1965, msimu wa tatu tu wa ligi ya taifa. Kombe la ligi halijarudi Pwani tangu hapo. Bandari ilikaribia 2018 na msimu wa 2018/19, mara zote mbili ikamaliza ya pili nyuma ya Gor Mahia, ikajifariji na ngao ya 2019. Muulize kijana wa Majengo akutajie wachezaji watatu wa Feisal ya 1965. Ukimwuliza wa Liverpool au Arsenal atakutajia hadi wa akiba.

Simlaumu. Angewajulia wapi? Glasgow mtoto hupelekwa uwanjani na babake, akaketi pale alipoketi babu. Uwanja wetu wa Manispaa ulivunjwa ili tujengewe wa kisasa, na kungoja kwetu kumepita miaka, Bandari ikichezea Mbaraki. Agosti 2025, CHAN ilipokuja Afrika Mashariki, mechi za Kenya zilikuwa Nairobi, na Zanzibar, kisiwa kidogo kuliko kaunti zetu nyingi, wakapata zao katika uwanja wa Amaan. Mombasa tuliangalia kwa televisheni. Uwanja usipokuwepo, hatukosi mechi peke yake. Hakuna mahali pa mzee kunyoosha kidole akasema, pale ndipo fulani alipofunga.

Nasema haya nami nina lawama yangu. Jirani yetu mmoja mtaani, mzee aliyekuwa kijana wakati wa Feisal, alikuwa akiwataja wale kumi na mmoja kwa mpangilio, kipa hadi wingi ya kushoto, na nani alikuwa akipiga mashuti kwa mguu gani. Kila mara nilimwambia, "Mzee, nitakuja na daftari tuandike." Miaka ikapita, daftari sikulileta. Ramadhani iliyopita Mungu alimchukua.

Wiki jana nilikwenda kwa mwanawe. Ukutani kuna picha moja ya timu, imekula chumvi pembeni, kipa kashika mpira. Mwanawe aliwajua wawili. Mimi, kwa yale niliyoyashika masikioni, nikamwongeza mmoja. Wamebaki wanane. Msomaji mwenye baba, ami au mjomba aliyekuwa akienda uwanjani miaka ile, mwulize leo, kisha niandikie.