Siku Hazisukumwi

Imekuwa ada katika miji yetu, mtu aulizwapo habari za kazi, kujibu kwamba anasukuma siku. Na lau jawabu hilo lingekuwa la adabu tu, la kuepuka kujisifu mbele za watu, nisingekuwa na neno nalo. Lakini limegeuka itikadi. Wengi wetu twaamini kwa dhati kwamba azma na makusudi ni mambo ya viongozi na mashujaa, na kwamba mja wa kawaida, maadamu ameamka mapema na kurudi nyumbani amechoka, amekwisha timiza wajibu wake. Itikadi hiyo ni batili.

Dini yenyewe, ambayo wengi huishika kuwa hoja ya kuziacha siku zijiendee, yaikana. Katika madhehebu ya Shafi, yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani yetu, mwenye kufunga Ramadhani hunuia kila usiku kabla ya alfajiri; na ashindaye na njaa hadi magharibi bila ya nia hana saumu, ingawa tumbo lake limetaabika sawasawa na la jirani yake aliyenuia. Taabu peke yake, basi, si amali.

Na kazi za mikono ni vivyo hivyo. Mtazame mwanamke asukaye ukili barazani: vidole vyaenda mbio huku akizungumza, na mpita njia hudhani ni mazoea tu, kumbe kabla hajaanza alikwisha kata shauri kama ukili huo ni wa mkeka au wa mkoba, maana idadi ya chane ndiyo iamuayo upana wake.

Husemwa kwamba maskini, ambaye kazi yake hakuichagua, hana faragha ya kuwaza makusudi. Pingamizi hili nalistahi kuliko yote, wala silikubali. Mshairi Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944, na katika miaka hiyo hiyo ya ukarani alikuwa akitunga. Hakungojea cheo ndipo awe na azma.

Na ubaya wa kusukuma siku huzidi pale siku isukumwayo inapokuwa ya mtu mwingine. Bibi mzee afika afisini asubuhi, nauli ameikopa, karatasi za mirathi ya marehemu mumewe ameziviringa ndani ya kanga. Karani, asiye na chuki naye hata chembe, amwambia bila ya kuinua macho, “Bibi, njoo kesho,” kwa kuwa hajapata kujiuliza kiti kile amewekewa kwa ajili ya nani. Jioni karani huyo atarudi kwake amechoka kweli kweli, na kwa uchovu huo atajihesabu kuwa mchapa kazi.

Nawasihi makarani, na waalimu, na wauguzi, na kila aliyeshika haja ya mtu mkononi mwake: leo, kabla hamjafunga mlango, litazameni faili lililo mezani, mmkumbuke mwenyewe, mlimalize.