Mdoli unaogeuka joka: tuupime kwa kipimo gani?

Kuna swali ambalo wazazi Wakristo huuliza hasa baada ya Krismasi, au ndugu anapowasili kutoka ng'ambo na mabegi yake. Mtoto ameletewa mdoli wa roboti. Ukiukunja huku na kuukunjua kule, kichwa kinaingia kifuani, mikono inakuwa miguu, mabawa yanafunguka mgongoni, na mbele yako limesimama joka. Je, kitu hiki kikae katika nyumba ya watu waliookoka, au kitupwe?

Majibu mawili hutoka haraka. La kwanza ni kwamba kichomwe moto, kwa sababu Ufunuo sura ya 12 inazungumzia joka jekundu na kutuambia wazi kuwa ndiye Ibilisi. La pili ni kwamba ile ni plastiki tu, mwacheni mtoto acheze. Majibu haya yanapingana, lakini yana ugonjwa mmoja: yote mawili yanakwepa kazi. Mtume Paulo aliwaagiza Wathesalonike wapime mambo yote, kisha washike lililo jema (1 Wathesalonike 5:21). Kupima ni kazi. Anayechoma bila kutazama hajapima, na anayeruhusu bila kutazama hajapima pia.

Basi tupime. Kwanza tukijue kitu chenyewe. Mwaka 1984 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilichukua midoli ya kampuni ya Takara ya Japani, iliyokuwa ikigeuka magari, ndege na hata redio za kaseti, ikaipa jina moja, Transformers, na kuitungia hadithi moja ya vita kati ya roboti wema na waovu. Katuni ya televisheni ilianza mwaka huohuo. Mwaka 1996 ikaja Beast Wars, ambamo roboti waligeuka wanyama: sokwe, duma, faru, hata panya. Mkuu wa waovu, Megatron, aligeuka dinosau. Mwaka 1999 ukatoka mdoli wake mpya, safari hii joka jekundu lenye mabawa. Katika hadithi anajitwalia cheche ya uhai ya Megatron wa kale, anatumbukia katika lava, na anapotoka amekuwa joka. Tangu hapo majoka yamerudi mara kwa mara katika midoli ya aina hii, na waigaji nao hawako mbali.

Sasa tuuweke mezani. Kama kitu cha mikono, mdoli mzuri wa namna hii una sifa ya kweli. Hauhitaji betri wala intaneti. Unakuja na karatasi ya michoro, hatua kwa hatua, na ukiruka hatua moja bawa linakwama na mkia haufungi. Mtoto wa miaka minane au tisa akikaa nao nusu saa anajifunza subira, mpangilio na kurudi nyuma alipokosea. Hayo ni mambo mema, na mzazi anayelalamika kuwa mtoto habanduki kwenye simu asiyadharau.

Lakini soma maandishi ya kwenye boksi. Midoli yenye vipande vidogo huandikwa kuwa haiwafai watoto wa chini ya miaka 3, kwa sababu wanaweza kukabwa. Katika nyumba zetu kaka wa miaka tisa na mdogo wake wa miaka miwili huchezea mkeka mmoja. Mtoto anayekabwa na kipande cha bawa la plastiki hahitaji kukemewa pepo. Anahitaji mtu anayejua kumpiga mgongoni na kumkimbiza hospitali. Tazama pia maungio, ncha kali na rangi. Rangi yenye madini ya risasi ni sumu kwa ubongo wa mtoto. Mwaka 2007 hata Mattel, kampuni kubwa ya Marekani, ililazimika kuondoa sokoni mamilioni ya vitu vya kuchezea, vingine kwa sababu ya rangi ya namna hiyo. Kama hilo lilitokea kwa wakubwa, mdoli feki wa bei ya kutupa, usio na jina la mtengenezaji, unastahili kutazamwa mara mbili. Ulinzi wa mtoto nao ni jambo la kiroho.

Tuje kwenye joka lenyewe, maana najua hapo ndipo wengi mnaposubiri. Biblia inatupa kisa kinachofaa sana. Katika Hesabu 21, Musa anaagizwa na Mungu mwenyewe kutengeneza nyoka wa shaba, na kila aliyeumwa na nyoka akimtazama anapona. Ukisoma 2 Wafalme 18:4 unamkuta nyoka yuleyule, miaka mingi baadaye, watu wakimfukizia uvumba, na mfalme Hezekia anamvunja vipande. Shaba haikubadilika. Umbo halikubadilika. Kilichobadilika ni mioyo ya watu. Wala Bwana Yesu hakuona haya kujifananisha na nyoka yule aliyeinuliwa jangwani (Yohana 3:14). Basi umbo peke yake haliwezi kuwa hakimu. Tuulize moyo unafanya nini na umbo hilo.

Tena, mtoto anayecheza na Megatron anajua vizuri kuwa Megatron ni mwovu. Hilo si jambo dogo. Bibi zetu walitusimulia habari za zimwi lililomeza kijiji kizima mpaka kijana mmoja akalipasua tumbo watu wakatoka. Hatukukua tukawa mazimwi. Tulijifunza kwamba uovu upo, una njaa, na unaweza kushindwa. Ufunuo nao haukutuonyesha joka ili tulale macho wazi. Umetuonyesha ili tujue limeshashindwa.

Hofu hii si ya kwetu tu. Mwaka 1986 huko Marekani, Phil Phillips alichapisha kitabu kiitwacho Turmoil in the Toybox, akiwaonya wazazi Wakristo juu ya nguvu za giza katika midoli na katuni. Sidharau nia ya watu wa namna hiyo. Nampa heshima pia mzazi aliyetoka katika nyumba ya uganga, ambaye sanamu ya joka inamrudisha alikotolewa. Paulo anasema sanamu si kitu, lakini katika sura hiyohiyo anatuagiza tusiijeruhi dhamiri iliyo dhaifu (1 Wakorintho 8). Katika nyumba hiyo mdoli usiingie, na shangazi aliyeuleta aelezwe kwa upole.

Kinachoniumiza ni jambo lingine. Ni pale mtoto anapopokonywa mdoli wake na kuambiwa una pepo, kisha unachomwa mbele ya macho yake huku watu wazima wakipaza sauti. Tunadhani tumemfundisha kumchukia shetani. Pengine tumemfundisha kwamba shetani alikuwa amelala naye kitandani kwa wiki tatu na Yesu hakusema neno. Mtoto huyo usiku halali. Akisikia mlango unalia, anajifunika gubigubi. Bwana Yesu alipotaka kutueleza moyo wa Baba wa mbinguni, aliuliza ni baba gani ambaye mwanawe akimwomba samaki atampa nyoka (Luka 11:11). Tusiwe sisi tunaompa mtoto nyoka wa hofu kwa jina la kumwokoa na joka la plastiki.

Huku tukihangaika na umbo la mdoli, kuna hatari inayopita mlangoni bila kuulizwa. Mwaka 1984, tume inayosimamia mawasiliano Marekani, FCC, iliondoa mipaka ya matangazo ya biashara katika vipindi vya watoto. Katuni zenye midoli yake dukani zikafurika. Kipindi kikawa tangazo la nusu saa. Mwaka 1986 filamu ya kwanza ya Transformers ilimuua Optimus Prime, kiongozi wa wema, na watoto wakalia kumbini. Waliohusika na filamu hiyo walikuja kueleza kwamba mashujaa wa zamani waliondolewa ili kupisha midoli mipya. Malalamiko yalikuwa makubwa, na mwaka 1987 Optimus Prime akarudishwa katika katuni. Ni mwaka 1990 tu ambapo sheria ya Marekani ilirudisha mpaka: matangazo yasizidi dakika 12 kwa saa katika vipindi vya watoto siku za kazi, na dakika 10 na nusu mwisho wa wiki.

Fikiri hapo, msomaji. Shujaa anakufa ili rafu ya duka ipate nafasi. Sisi tunamhubiri Mmoja aliyekufa ili mtoto huyu apate uzima, wala hakuwa na kitu cha kuuza. Mtoto asiposikia habari hiyo kwetu, atabaki na ile ya kwanza.

Joka hili halitoi moto, linakula fedha. Limetengenezwa ili ukimaliza kulikunja utamani mwenzake, kisha adui yake, kisha lile kubwa zaidi la kwenye picha iliyo nyuma ya boksi. Mdoli mmoja ni zawadi. Wa kumi ni njaa. Bwana Yesu alituonya tujilinde na choyo, maana uzima wa mtu hautoki katika wingi wa vitu vyake (Luka 12:15). Ajabu ni kwamba wahubiri wengi wanaweza kupiga kelele juu ya mabawa ya mdoli, lakini ni wachache wanaomuuliza mzazi kwa nini amenunua mdoli wa nne wakati dada wa kazi anadai mshahara wa miezi miwili.

Sasa jambo la mwisho, ambalo kwangu ndilo kubwa. Tazama mdoli unavyogeuka. Hakuna kinachoongezwa, hakuna kinachopungua. Vipande ni vilevile, skrubu ni zilezile, plastiki ni ileile; vimepangwa upya tu. Agano Jipya katika Kigiriki lina maneno mawili yanayoweza kutusaidia hapa. Paulo anaposema kuwa Shetani hujigeuza afanane na malaika wa nuru (2 Wakorintho 11:14), anatumia neno linalohusu mwonekano wa nje. Anapowaagiza Warumi wageuzwe kwa kufanywa upya nia zao (Warumi 12:2), anatumia neno jingine, lile ambalo Mathayo na Marko wanalitumia Yesu alipogeuka sura mlimani. Kule ni kujikunja. Huku ni kuwa mpya.

Wengi wetu tunajikunja. Jumapili saa tatu mikono iko juu, sauti ni ya upole, na Biblia iko kwapani. Jumatatu jioni vipande vilevile vimepangwa upya, na anayefungua mlango wa nyumba ni joka. Mtoto anamjua. Anaijua miguu yake inavyokanyaga koridoni, anajua harufu ya pombe, anajua mama atanyamaza na yeye atakimbilia chumbani. Katika nyumba kama hiyo, kuuchoma mdoli ni kuchoma joka lisilo na kosa na kuliacha lenye makosa likae kwenye kochi.

Basi kipimo changu ni hiki. Usiulize kwanza mdoli unageuka nini. Uliza unamgeuza mtoto kuwa nini. Je, umri wake unaufaa, na mdogo wake yuko salama? Je, anaweza kuuweka chini akiitwa kula, kusoma au kusali? Je, anamwazima mwenzake? Je, anatosheka, au kila siku anadai mwingine? Je, umenunuliwa kwa fedha isiyo na deni la mtu? Na je, anaweza kukueleza ni nani mwovu katika hadithi yake, na kwa nini? Majibu yakiwa mema, mwache acheze kwa amani. Yakiwa mabaya, uondoe mdoli kwa upole, kwa maelezo, bila moto na bila mapepo.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mtoto hakunjwi kwa kumtisha. Anakunjwa kwa kukaa naye. Jioni ya leo, ukitoka ibadani, kaa chini mkekani. Mwambie, "Mwanangu, hebu nionyeshe linavyogeuka." Atakushinda kwa wepesi wa vidole, na atafurahi kukushinda. Kisha muulize kama yule Megatron anaweza siku moja kuwa mwema kwa kujikunja tu. Atafikiri, na atakujibu. Hapo ndipo umwambie habari za Yule anayeweza kumpa mtu moyo mpya, hata mtu mzima, hata baba.